Raba za Bingwa wa Kericho

Kericho,
11 Februari 2024

Kwa dada yangu Rebeccah Chelimo, Kimulot,

Chamgei? Mimi usiniulize habari. Kama bahati ingekuwa ng'ombe, zizi langu lingekuwa limebomoka kwa kujaa. Keti kwanza, weka hicho kikombe chini, nikuambie.

Huyu Joab Owiti unayemjua, mwenye tumbo la kufika mahali kabla ya mwenyewe, sasa ndiye bingwa wa mazoezi hapa Kericho mjini. Ndiyo, mimi! Kuna jimu imefunguliwa ghorofani juu ya duka la mabati. Watu wanaingia kikundi kizima, muziki unapigwa mpaka madirisha yanalia, kocha anapuliza filimbi: ruka, lala, amka, chuchumaa, ruka tena, hakuna kupumua. Vijana wa benki wanatapika kwa ndoo. Mimi natabasamu. Siku ya kwanza kocha alisimamisha muziki akauliza, "Huyu mzee ametoka wapi?" Nikamwambia nimetoka kwa boila, kijana. Mimi ndiye huchochea moto unaokausha chai ya nusu ya dunia. Hili joto lako ni la kuatamia mayai. Tangu hapo nasimama mstari wa mbele. Nimefika Kampala, nimefika Mombasa, nimelala hoteli yenye lifti, lakini bahati kama hii ya kupewa mwili wa kijana nikiwa babu, hiyo sijaona kwa mtu mwingine.

Sasa sikia. Kipkurui wako alipita hapa na lori la maziwa, akaniambia sista wa dispensari amekupata na sukari na amekuamuru utingishe mwili. Akaniambia pia kuna msichana anaitwa Maxine ameanzisha mazoezi kama haya yetu huko kwenu, kwa ukumbi wa kanisa. Na wewe unaogopa. Chelimo! Tumelelewa laini moja ya wafanyakazi, mlango kwa mlango, na sijawahi kuona ukiogopa hata nyapara. Leo unaogopa kuruka? Nenda. Wewe nawe umejaza, tuseme ukweli. Ukikaa kwa benchi ya kanisa mhubiri anahesabu waumini wawili. Nenda upunguze mmoja.

Ndugu yako asiyezeeka,
Joab Owiti


Kimulot,
20 Februari 2024

Ndugu yangu Joab,

Barua yako Kipkurui ameleta. Tuendelee hivyo hivyo, kwa karatasi. Ukituma ujumbe kwa simu ya mume wangu, Gibson hajui miwani yake iko wapi, atampa Nelvine amsomee, na huyo mke wa mwanangu akisoma anasomea mpaka kuku. Haya mambo sitaki yasomwe.

Ni kweli nina sukari. Nimechekea ile ya mhubiri, halafu nikaacha kucheka. Unamkumbuka mama yangu vile alikatwa mguu, akawekwa kwa stuli nje ya nyumba, kila asubuhi anatuangalia tukienda kuchuma na yeye anabaki na mbwa. Mimi kazi yangu ni miguu, Joab. Chai haichumwi na mtu aliyekaa. Kufa siogopi sana, kila mtu anakufa. Mguu ndio ninaogopa.

Sista amesema mambo matatu. Nimeze dawa. Nitingishe mwili mpaka jasho litoke. Na kila jioni niangalie nyayo zangu, mpaka katikati ya vidole, kama mtu anatafuta funza. Hilo la mwisho hakusema ni la nini, foleni ilikuwa ndefu na watoto wanalia.

Nimepita nje ya huo ukumbi mara mbili nikijifanya naenda posho mili kusaga unga. Ni walimu wa shule, na wasichana wa dukani, wamevaa nguo za kubana. Wanaruka kama mahindi kwa sufuria. Mimi nina viatu vya kanisa na gambuti ya kuchumia. Nikiingia hapo si watanicheka?

Wewe siku ya kwanza ulifanyaje? Usinifurahishe. Niambie vile ilikuwa kabisa, na vile ulifanya, mimi nitafuata.

Dada yako,
Chelimo


Kericho,
27 Februari 2024

Dada Chelimo,

Umeuliza mwenye mali. Chukua.

Kwanza, simama mbele. Mwoga anasimama nyuma karibu na mlango, na huko nyuma ndiko kunachekwa. Mimi nilipita katikati yao wote kama D.O. anaingia baraza, nikasimama puani pa kocha. Nani atacheka mtu aliye mbele? Atachekea wapi?

Pili, vaa hiyo gambuti. Mwanajeshi anakimbia na buti, wewe ni nani uchague? Mimi siku ya kwanza nilivaa viatu vya harusi na nikashinda wenye raba.

Tatu, usipumzike hata wakikuambia pumzika. Kupumzika ni mtego wa kujua nani ni dhaifu.

Na hii habari ya kuangalia nyayo kila jioni, nisamehe, hapa kwa boila tumecheka mpaka Osoro, mwenzangu wa zamu, akaangusha kuni. Unaangalia nyayo ndio ufanye nini, unazichumbia? Mguu ni wa kukanyaga, si wa kuangalia. Mimi sijaona nyayo zangu tangu harusi na bado ni bingwa. Hawa masista wanasoma miaka mitatu, lazima watafute cha kusema. Meza dawa, ruka, hayo mengine waachie wenye nafasi.

Usiogope, nyaminwa, dada yangu. Nikiwa mbele hapa, jua uko mbele pia.

Joab


Kimulot,
9 Machi 2024

Joab,

Nilisimama mbele.

Nilivaa gambuti kama ulivyosema na sketi ndani yake suruali ya Gibson. Maxine aliniangalia miguu, akanong'ona, "Mama, unaweza kufanya bila viatu, au usimame kando kidogo?" Nikamwambia mimi niko sawa. Nilifikiri ni ule mtego.

Filimbi ikalia. Kuruka kwa kwanza, gambuti ya kushoto ikabaki chini, mguu ukaenda peke yake. Nikairudia. Kuruka kwa tatu jasho lilikuwa limejaa ndani na ikaanza kutoa sauti. Unajua sauti gani, usinifanye niandike. Muziki wote huo na hiyo sauti inasikika. Halafu tukaambiwa tujitupe chini na tuamke, nikajitupa, sikuamka. Nilikuwa mbele, Joab. Nyuma yangu walikuwa watu kama ishirini na wote wanaona. Walicheka mpaka wengine wakakaa. Maxine peke yake hakucheka, alikuja kunivuta mkono, na yeye ni mwembamba, tukaanguka wawili.

Kuna aliyepiga video. Siku ya pili nilipofika kituo cha majani na kikapu changu, karani alikuwa ameshaiona. Wamama wote kwa foleni walikuwa wameshaiona. Mmoja akaniambia, "Mama Kipkurui, ruka kidogo tuone kama kilo zitaongezeka." Nyumbani Gibson ameiweka kwa simu anaonyesha wageni. Amesema ng'ombe wake alipoanguka kwa mtaro alikuwa na heshima zaidi.

Sirudi huko. Nitameza dawa, nitembee shambani, hiyo inatosha.

Asante kwa kujaribu.
Chelimo


Kericho,
15 Machi 2024

Chelimo, dada yangu,

Video nimeona. Kipkurui anayo. Sitakudanganya, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu niliponyamaza nikaenda nyuma ya kuni nikakaa huko peke yangu mpaka Osoro akaja kuniuliza kama nimeumwa na siafu.

Unarudi. Hakuna mjadala. Ndani ya hiki kifurushi kuna raba. Wiki jana hapa kwetu tulikuwa na mashindano, kuruka na kuchuchumaa, nikawaacha vijana wamelala kama magunia. Zawadi ilikuwa hizo raba, nyeupe zenye mkanda wa kung'aa, na za kike, kwa sababu wenye jimu walijua mshindi atakuwa yule msichana wa benki. Wakabaki midomo wazi. Mke wangu Syprose zilimkataa. Ni zako. Mtu yeyote asikwambie habari ya gambuti tena, hizo ni raba za bingwa.

Zikikubana kidogo usijali. Raba ya ng'ambo inajifunza mguu wa mwenyewe polepole.

Na kitu kingine nikuambie, kwa sababu najua utakutana nacho. Itafika siku mguu utoe malengelenge na damu. Mimi nilitoa damu mpaka soksi ikashikana na ngozi. Nikafanya nini? Kumbuka ulipoanza kuchuma chai. Vidole vilipasuka, ukalia, ukataka kufunga kitambaa. Mama yangu mwenyewe alikushika mkono akakwambia: usifunge, usiweke dawa, usisimame, mchumaji akisimama kwa sababu ya damu ngozi yake haitajifunza kamwe. Ukaendelea. Sugu ikatoka, na mpaka leo unaepua sufuria motoni bila kitambaa. Kila mchumaji hapa Kericho na Bomet amefunzwa hivyo. Basi mguu na mkono ni wa mama mmoja. Damu ikitoka, endelea. Nami niliendelea, na ndio maana niko mbele.

Vaa, uende.

Joab, bingwa


Kimulot,
13 Aprili 2024

Ndugu yangu Joab,

Kongoi! Asante mara nyingi!

Nilirudi. Nilingoja mpaka watu wacheke wachoke, halafu nikaingia na raba zako. Wasichana waliangalia miguu yangu, mmoja akasema, "Wee, mathe amekuja na moto." Nikasimama katikati, si mbele, unisamehe. Sasa nimekwenda kila Jumatano na Jumamosi. Naweza kujitupa chini na kuamka mwenyewe. Jumamosi iliyopita Maxine alinipigia makofi, na wale wote waliocheka wakapiga makofi, na yule aliyepiga video akaniletea maji ya kunywa. Joab, mimi mzee hivi, nilienda nje nikalia kama mtoto.

Sista amenipima, sukari imeshuka. Aliniuliza, "Nyayo unaangalia?" Nikasema ndiyo, nikaona haya kumwambia vile tulicheka.

Raba zilinibana kama ulivyosema. Damu ilitoka kwa kidole kikubwa na kando yake, ikaonekana mpaka nje. Maxine aliona alama sakafuni akasimamisha kila mtu, akasema, "Mama, vua nione." Nilikataa. Nilimwambia ndugu yangu ni bingwa Kericho na hakuvua. Nimefuata sheria ya mama yako: sijafunga, sijaweka dawa, sijasimama.

Na ilifanya kazi! Sasa hakuna uchungu hata kidogo. Juzi nilikanyaga kijiti cha chai kikaingia ndani ya kidole, nikaona tu jioni kwa bahati, sikuwa nimesikia kitu. Ngozi imekuwa nyeusi kama vidole vya mchumaji. Hiyo ndiyo sugu, si ndiyo?

Mguu umejifunza.

Dada yako mwenye furaha,
Chelimo


Kericho,
21 Aprili 2024

Chelimo wangu!

Hiyo ndiyo yenyewe! Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya boila, na Osoro amepiga saluti. Mguu umekuwa mweusi, umenyamaza, hausikii kijiti: ni sugu safi, sugu ya daraja la kwanza. Mimi wangu ulinyamaza hivyo hivyo. Ningetembea juu ya misumari nikiimba.

Huyo Maxine ni mtoto mzuri lakini amelelewa na soksi. Usimwonyeshe. Ukianza kuwaonyesha watu mguu, watakuambia pumzika wiki mbili, na wiki mbili ndizo zinarudisha mafuta yote na marafiki zake. Na usiuangalie angalie wewe mwenyewe. Mtu anayefukua mbegu kila siku aone kama imeota, anavuna nini?

Nimewaambia watu wangu wa mstari wa mbele habari zako. Wote wanakusalimia. Kocha amesema siku moja nikulete, tusimame wawili, Kericho na Kimulot, tuwaonyeshe hawa watoto wa chipsi.

Endelea!

Joab


Kimulot,
8 Mei 2024

Joab,

Leo naandika kidogo, mkono hauna nguvu.

Hapa nyumbani kuna panya amekufa mahali. Nelvine alisema tangu Ijumaa. Wametoa kitanda nje, wametoa kabati, Gibson amepanda darini na tochi. Hawajapata kitu. Harufu inakuwa mbaya zaidi kwa chumba changu. Nelvine amemwaga dawa ya kuoshea choo mpaka macho yanatoka machozi. Jana Gibson alihamia kulala kwa chumba cha mbele, akasema huyo panya lazima ni saizi yangu.

Mimi nina homa, inakuja na kwenda. Mguu umefura kidogo, raba inaingia kwa shida, lakini ikiingia haiumi. Nilienda Jumamosi. Niliruka yote.

Wewe ulikuwa na homa? Uliruka na homa ama ulikaa? Nijibu haraka, mtume Kipkurui siku hiyo hiyo. Jumamosi hii Maxine ana mashindano na ameandika jina langu. Ukisema nikae nitakaa.

Chelimo


Kericho,
9 Mei 2024

Dada,

Kipkurui amesimama hapa anangoja, lori linanguruma, kwa hivyo ni haraka.

Homa? Niliruka na homa. Homa ni mafuta yanayeyuka, umewahi kuona mafuta yanayeyuka bila moto? Niliruka, jasho likatoka, homa ikatoka nalo. Kuvimba ni nyama mpya.

Mwambie Gibson panya ni yeye.

Jumamosi usikae. Umefika mbali sana ukae sasa. Nikisikia umekaa nitakuja huko mwenyewe na filimbi.

Joab


Bomet, hospitalini,
1 Juni 2024

Kwa Mzee Joab, Baba Adongo,

Mimi ni Nelvine, bibi ya Kipkurui. Mama mkwe amesema niandike, na amesema wewe uambiwe kabla ya ndugu zake. Mimi sijui kwa nini wewe, lakini naandika.

Alianguka kwa yale mashindano mbele ya watu. Wengine walicheka, wakidhani ni ile ya kwanza amerudia. Maxine alipovua raba, soksi ilikuja na kidole. Watu waliokuwa karibu walikimbia nje. Mimi nilikuwa hapo, na hiyo harufu niliijua mara moja. Siku zote zile tulizotafuta panya, tulikuwa tunatafuta mguu wa mama.

Walikata vidole kwanza. Haikusaidia, ikapanda. Wakakata chini ya goti. Alikuwa amelala siku nyingi hajui watu. Baba mkwe Gibson amekuja mara moja, akasimama mlangoni, akarudi nyumbani. Mistari ya chai ya mama ameshapatia wachumaji wengine, amesema mwenye mguu mmoja atapelekewa chakula tu.

Daktari alinifafanulia. Alisema sukari inaua masikio ya mguu, mtu anaumia na hasikii, na ndio maana wanaambiwa waangalie nyayo kila jioni. Kidonda kidogo siku ya kwanza kinatibiwa kwa dakika tano. Alisema kama hausikii uchungu, hapo ndipo ungekimbia hospitali. Akaniuliza ni nani alimwambia aendelee. Nikasema sijui, labda ni vile wachumaji wanafundishana. Mama alikuwa anasikia.

Anakusifu sana. Anaambia wauguzi ana ndugu bingwa.

Nelvine


Bomet, hospitalini,
16 Juni 2024

Ndugu yangu Joab,

Hujajibu Nelvine. Najua uko na kazi, ni msimu wa majani mengi na boila halizimwi.

Niko sawa. Usihuzunike. Wanasema nitapewa magongo. Nilitaka kukuambia pole, nimekuangusha. Ulinipa raba ulizoshinda na watu wako walikuwa wananingojea huko Kericho. Wasalimie. Waambie nilifika mpaka kuruka na homa, nisionekane kama mtu aliyekaa tu.

Nalala hapa nikifikiri nilikosea wapi. Daktari anasema ni sukari, kiatu kidogo na kutotibu. Lakini yeye hakujui. Wewe una miaka yangu, mwili wako ulikuwa mkubwa kuliko wangu, ulitoka damu mpaka soksi ikashika, ukaendelea, na uko mbele. Basi kuna kitu nilifanya vibaya. Labda ni kwa sababu nilisimama katikati. Labda nilifunga kamba vibaya. Nimewaza mpaka kichwa kinauma.

Nakuuliza kwa sababu kuna mwanamke hapa anaitwa Bitutu. Anamtunza mama yake kwa kitanda cha pili. Ni kijana, ana watoto wadogo, na yeye pia ana sukari. Ameanza mazoezi ya kikundi huko kwao na ametoka lengelenge kwa kisigino. Aliniuliza kama amwonyeshe daktari. Nilimwambia angoje kwanza, asije akasimamishwa bure, nina mtu anajua kazi hii vizuri kuliko daktari. Nimemwambia barua yako ikifika tutasoma pamoja.

Kwa hivyo niandikie, Joab, bila mchezo, moja kwa moja. Siku ile damu yako ilitoka, ulifanya nini hasa? Ulifunga vipi? Ilikuwa mguu gani? Andika vizuri, nimsomee.

Dada yako,
Chelimo


Kericho,
17 Juni 2024

Chelimo,

Hii Kipkurui anakuletea leo. Nimemwambia asipitie mahali, hata kwa petroli.

Kabla ya kusoma zaidi, mwambie Bitutu avue kiatu sasa hivi aende kwa daktari. Sasa. Mngoje arudi ndipo uendelee.

Umeuliza ilikuwa mguu gani. Hakuna mguu. Damu haikutoka.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mimi pia nilipimwa, presha, na nesi akaguna. Nikapanda zile ngazi za jimu juu ya duka la mabati. Ukifika juu kuna kioo cha ukuta mzima. Niliona mtu mnene amesimama kwa njia, nikasogea apite, na yeye akasogea. Ndani walikuwa wanaruka. Msichana wa mlangoni akaniangalia akasema, "Mzee, umeleta mzigo?" Nikasema ndiyo. Akauliza uko wapi. Nikasema uko chini kwa gari. Nikashuka kuuchukua na sijarudi mpaka leo.

Muziki nausikia nikitoka kazini. Nasimama hapo chini na mahindi yangu ya kuchoma, nasikia filimbi, nasikia kocha akipiga kelele, halafu naenda nyumbani nakuandikia. Kocha hanijui. Hakuna mtu wa mstari wa mbele anayekusalimia. Homa sijawahi kuruka nayo. Raba ni za mitumba anayouza Syprose. Nilijua ni ndogo, nilichagua kwa sababu ya ule mkanda wa kung'aa.

Ulipoandika una homa na kuna panya ndani ya nyumba, mimi nilijua. Si kujua kama daktari, lakini nilijua si panya. Kipkurui alikuwa amesimama hapo anangoja, ningeandika neno moja tu, kaa. Lakini bingwa hawezi kusema kaa, ungeuliza kwa nini, na ningesema nini?

Hukukosea mahali popote. Ulifuata kila kitu nilichosema. Kosa lako ni hilo tu.

Msomee Nelvine hii barua, na Gibson, na Maxine, na huyo daktari. Isomewe mpaka kuku.

Mimi si bingwa. Sijawahi kuruka hata mara moja.

Joab